Jinsi Miaka ya Mambo ya Kale Inavyojulikana

1. Ziwa la Masoko

Katika nchi ya Wanyakyusa, kusini mwa mji wa Tukuyu, kuna ziwa dogo la mviringo liitwalo Masoko. Wengine huliita Kisiba. Upana wake wapata mita 700, na kina chake chapita mita 30. Hakuna mto uonekanao unaoingia ndani yake, wala hakuna unaotoka. Ziwa hili halikufanywa na mto. Zamani sana moto wa chini ya ardhi ulikutana na maji yaliyokuwamo ardhini. Maji yakageuka kuwa mvuke kwa ghafula, nchi ikapasuka kwa kishindo kikubwa, na shimo likabaki. Baadaye maji yakalijaza shimo hilo.

Kando ya ziwa lipo boma lililojengwa na Wajerumani walipoitawala nchi. Kaskazini wasimama mlima Rungwe, ambao urefu wake wapata mita 2,960, nao ni mlima uliotoa moto na majivu mara nyingi. Na chini ya maji ya ziwa limelala tope jingi lililokusanyika polepole, mwaka baada ya mwaka.

Wenye elimu husema kwamba boma lina umri wa miaka mia na zaidi, kwamba majivu mengi ya Rungwe yalimwagika miaka 4,000 hivi iliyopita, na kwamba tope la chini kabisa lililotolewa ziwani lina umri unaopita miaka 40,000. Msikilizaji mwenye akili hana budi kuuliza: Wamejuaje? Umri wa boma waweza kusomwa katika vitabu. Lakini nani alikuwapo miaka 4,000 iliyopita akaandika habari za majivu? Hakuna. Basi wenye elimu hawakubahatisha. Vitu vyenyewe vina hesabu ndani yake, na kazi yao ni kuisoma hesabu hiyo.

2. Kilicho chini kilitangulia

Njia ya kwanza ni nyepesi, hata mtoto aweza kuifahamu. Angalia jalala la nyumbani. Leo mama amemwaga majivu ya jikoni; jana alimwaga maganda ya ndizi; mwezi uliopita chungu kilivunjika, vigae vyake vikatupwa pale pale. Mtu akilichimba jalala hilo kutoka juu kwenda chini, atakutana kwanza na majivu, kisha na maganda, na mwisho na vigae. Kilicho juu ni cha siku za karibu. Kilicho chini kilitangulia.

Ardhi nayo ni kama jalala kubwa. Upepo huleta vumbi, mvua huleta udongo, majani huanguka na kuoza, na mlima hutapika majivu. Kila kitu hulala juu ya kile kilichotangulia, na hivyo matabaka hupangana kama kurasa za kitabu. Mchimbaji stadi hachimbi kwa pupa. Huondoa udongo kidogo kidogo, tabaka moja moja, na kila akionacho hukiandika: kilikuwa katika tabaka gani, kwa kina gani, na karibu na kitu gani.

Lakini kanuni hii ina sharti moja: matabaka yawe hayajavurugwa. Fuko akichimba njia yake, au mtu akichimba kaburi au shimo la kuhifadhi chakula, vitu vya juu huanguka chini na vya chini hutupwa juu. Hapo kurasa za kitabu zimechanganyika.

Tena njia hii huonyesha utaratibu tu, haionyeshi idadi ya miaka. Kujua kwamba kaka alizaliwa kabla ya mdogo wake si kujua umri wao. Ili kupata idadi, yahitajiwa njia nyingine.

3. Fedha na masimulizi ya wazee

Kwa mambo ya karibu, mara nyingine kitu chenyewe kimeandikwa mwaka wake. Watu wa Masoko husimulia kwamba katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani, walipoona kwamba hawana budi kuondoka, walitupa fedha na silaha ziwani zisipatwe na adui. Majeshi ya Waingereza yaliingia Tukuyu mwezi wa Mei 1916. Sarafu za Kijerumani zilipigwa chapa ya mwaka, basi ni rahisi kuona faida yake. Ikiwa sarafu ya mwaka 1908 yaonekana ndani ya tabaka la udongo ambalo halikuvurugwa, tabaka hilo haliwezi kuwa la mwaka 1900, kwa maana sarafu haiwezi kuzikwa kabla ya kutengenezwa. Lakini laweza kuwa la mwaka 1910, au la 1916, au hata la baadaye, kwa sababu fedha hukaa mikononi mwa watu miaka mingi kabla ya kupotea. Sarafu hutaja mpaka wa nyuma tu. Haitaji siku yenyewe.

Palipokosekana maandishi, wazee wamekuwa hazina. Karibu na Rungwe uko mlima uitwao Kyejo. Mawe yaliyoyeyuka yalitoka ubavuni mwake yakatiririka kama uji mzito, kisha yakapoa na kuwa jiwe. Wazee walipokezana habari za moto huo, baba akimwambia mwana, na kwa masimulizi hayo wenye elimu wameuweka katika mwaka wa 1800 hivi. Hivyo kumbukumbu za wenyeji zimeingia katika vitabu vya elimu ya milima.

Masimulizi ya namna hii hupimwa kwa kuhesabu vizazi. Mzee akisema kwamba jambo lilitokea katika siku za babu wa babu yake, watu huhesabu vizazi vilivyopita na kukipa kila kizazi miaka yake. Lakini vizazi havilingani. Vizazi vitano vya miaka 25 ni miaka 125. Vizazi vitano vya miaka 30 ni miaka 150. Kwa hiyo hesabu hii hufaa kwa miaka mia mbili au mia tatu, na mbele ya hapo huanza kufifia.

4. Saa iliyo ndani ya makaa

Mwaka 1949 bwana mmoja Mmarekani, Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wasaidizi wake, walitangaza njia mpya iliyowastaajabisha wataalamu wa mambo ya kale ulimwenguni kote. Kwa kazi hiyo Libby alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960.

Njia yenyewe ni hii. Ndani ya kila kitu chenye uhai mna kaboni, nayo ndiyo inayoonekana nyeusi katika makaa. Sehemu kubwa ya kaboni hukaa vile vile milele. Lakini sehemu ndogo mno, iitwayo kaboni 14, haidumu. Hubadilika polepole na kuwa kitu kingine. Kaboni 14 huzaliwa juu angani kwa nguvu ya mionzi itokayo mbali katika anga, kisha huchanganyika na hewa. Mti huivuta kwa majani yake. Ng'ombe huila katika nyasi. Mtu huipata katika ndizi, maziwa na nyama. Kila kiumbe kinapokuwa hai, ile inayopotea hulipwa na ile inayoingia.

Siku kiumbe kinapokufa, malipo hukoma. Mti ukikatwa hauvuti hewa tena. Tangu siku hiyo kaboni 14 iliyomo hupungua bila kuongezwa, nayo hupungua kwa mwendo ambao haubadiliki kwa joto wala kwa baridi, kwa mvua wala kwa jua. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Baada ya miaka mingine 5,730 hubaki nusu ya ile nusu. Kama mwanzo zilikuwapo sehemu 80, hesabu itakuwa hivi:

Siku ya kufa: sehemu 80.
Baada ya miaka 5,730: sehemu 40.
Baada ya miaka 11,460: sehemu 20.
Baada ya miaka 17,190: sehemu 10.

Basi kipande cha makaa ya meko ya kale, mfupa, mbegu iliyoungua, au jani lililozama topeni, vyote vyaweza kupelekwa maabara. Huko hupimwa kaboni 14 iliyobaki, na kwa hesabu hujulikana ni miaka mingapi imepita tangu kitu hicho kilipokufa.

Hata hivyo saa hii yataka uangalifu. Kwanza, haisemi siku moto ulipowashwa. Yasema siku kuni zilipoacha kukua. Mtu akichoma moyo wa mti mkubwa wenye miaka 200, makaa yake yatasema miaka mingi kuliko umri wa meko. Kwa hiyo mbegu ya mtama, iliyokua msimu mmoja tu, ni shahidi bora kuliko gogo. Pili, mizizi mipya ikipenya katika makaa, au mtu akiyashika kwa mikono yenye mafuta, kaboni ya leo huchanganyika na ya kale, na hesabu huharibika. Tatu, kaboni 14 ya hewani haikuwa sawa katika miaka yote. Kosa hilo husahihishwa hasa kwa miti ya nchi za baridi, ambayo kila mwaka huongeza pete moja shinani. Wataalamu wamezihesabu pete hizo kwa maelfu ya miaka na kupima kaboni iliyomo. Nne, baada ya miaka 50,000 hivi, kinachobaki ni kidogo mno hata hakipimiki tena. Saa imesimama.

Tena maabara haitoi mwaka mmoja peke yake. Husema, kwa mfano, miaka 600, kwa kuzidi au kupungua 40. Hilo si dalili ya ujinga bali ni dalili ya uaminifu, kwa sababu kila kipimo kina mpaka wake.

5. Nguzo ya tope na majivu ya Rungwe

Katika miaka ya 1990 wataalamu walifika Masoko na vyombo vyao. Wakalisukuma bomba katika tope la chini ya maji, wakalitoa likiwa limejaa, wakarudia kazi hiyo chini zaidi na zaidi. Vipande vyote vilipounganishwa, ikapatikana nguzo ya tope yenye urefu wa karibu mita 40. Kwa kuwa hakuna mto uingiao ziwani kwa nguvu na kuvuruga chini, tope limelala kwa utulivu.

Kutoka sehemu mbalimbali za nguzo hiyo vilichukuliwa vipande vyenye kaboni, vikapimwa. Tope la juu likaonekana kuwa la karibuni, la katikati kuwa la kale, na la chini kabisa likapita miaka 40,000. Mwanafunzi aweza kufanya hesabu mwenyewe: mita 40 ni milimita 40,000. Basi kwa wastani, tope la Masoko limeongezeka kwa unene wa milimita moja hivi kila mwaka.

Kuna faida gani kujua umri wa tope? Ndani yake mmehifadhiwa chavua, yaani unga wa maua, ambao huonyesha ni miti gani iliyoota kandokando. Chavua ya Masoko yaonyesha kwamba katika miaka 4,200 iliyopita nchi ya chini karibu na ziwa ilikuwa na msitu wa namna ya miombo, na kwamba zilikuwapo nyakati za mvua nyingi na nyakati za ukame. Ukame mmoja ulikuwa kati ya miaka 1,200 na 500 iliyopita. Bila hesabu ya miaka, chavua ingesema tu, "Palikuwa na ukame." Kwa hesabu ya miaka, yasema ni lini, na hapo mtu aweza kuulinganisha na habari za watu waliofua chuma na kufuga ng'ombe katika nchi hii.

Majivu ya mlima nayo yana faida kubwa. Miaka 4,000 hivi iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu nyingi. Ulirusha juu sana majivu na mawe mepesi yenye matundu, yale yanayoelea majini, kisha yakaanguka kuizunguka milima. Wataalamu walipopima unene wa tabaka hilo mahali pengi, waliona kwamba lilienea karibu sawa pande zote. Kwa hiyo wakatambua kwamba siku ile upepo ulikuwa umetulia, kwa maana upepo mkali ungeyasukuma majivu upande mmoja.

Tabaka kama hili ni kama mstari uliopigwa kwa rangi katika kurasa za vitabu vyote vya nchi kwa siku moja. Likionekana shambani na likionekana tena ziwani, ni la wakati ule ule. Basi jiwe lililochongwa na watu likikutwa chini ya majivu hayo mahali ambapo hapakuvurugwa, lina umri wa zaidi ya miaka 4,000, ijapokuwa jiwe lenyewe halina kaboni ya kupimwa.

6. Saa za kale ya mbali

Kwa vitu vinavyopita miaka 50,000 hutumiwa saa nyingine. Kaskazini mwa Tanzania, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale afananaye na mtu tarehe 17 Julai 1959. Mumewe, Louis Leakey, alilikadiria kuwa na miaka 600,000 hivi. Lakini katika bonde hilo mna matabaka ya majivu ya volkano, na majivu hayo yana madini ya potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hubadilika kuwa hewa iitwayo agoni, kwa mwendo wa polepole mno: nusu yake huhitaji miaka 1,250,000,000. Jiwe linapoyeyuka motoni, agoni yote ya zamani hutoroka; likipoa, agoni mpya huanza kukusanyika na hukamatwa ndani. Mwaka 1961 matokeo ya kipimo hicho yalitangazwa: miaka 1,750,000. Umri uliokadiriwa ukawa umezidishwa karibu mara tatu. Fuvu lenyewe halikupimwa; yaliyopimwa ni majivu yaliyokuwa pamoja nalo. Kwa njia hiyo hiyo nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa tangu mwaka 1978, zimejulikana kuwa na miaka 3,660,000 hivi.

Upande wa magharibi wa nchi ya Tukuyu, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yako maporomoko ya mto Kalambo. Mwaka 2019 wachimbaji waliona huko magogo mawili, moja limelala juu ya jingine, na mahali yalipokutana palikuwa pamechongwa na mikono ya watu. Maji na udongo vilikuwa vimeyahifadhi yasioze. Kaboni haikufaa, kwa maana magogo ni ya kale mno. Basi wataalamu waliupima mchanga.

Punje ya mchanga iliyozikwa gizani hupokea mionzi midogo itokayo katika udongo unaoizunguka, na kuiweka nguvu yake ndani. Ni kama ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja: anayejua matone mangapi huanguka kwa saa moja, akiona maji yaliyomo, aweza kukadiria mvua ilianza lini. Nuru ya jua huimwaga ndoo hiyo yote. Kwa hiyo mchanga huchukuliwa bila kupigwa na jua, nao husema ni miaka mingapi imepita tangu ulipoona jua mara ya mwisho. Habari iliyochapishwa mwaka 2023 ilitaja umri wa magogo yale ya Kalambo kuwa miaka 476,000 hivi.

7. Kitu kilichong'olewa hupoteza miaka yake

Kutokana na hayo yote yaonekana wazi kwamba kitu cha kale hakijulikani kwa umbo lake peke yake. Hujulikana kwa mahali pake: tabaka lililo juu yake, tabaka lililo chini yake, makaa yaliyo kando yake, mchanga unaokigusa.

Chukua mfano wa watoto wawili waliokuta vigae vya chungu na makaa kando ya kijito baada ya mvua kubwa. Wa kwanza avichimbua kwa jembe, aviosha mtoni, ayatupa makaa, na kupeleka vigae nyumbani. Sasa ana vigae safi, lakini hakuna mtu duniani awezaye kumwambia kwa hakika ni vya miaka 200 au vya miaka 1,000. Wa pili haondoi kitu. Aweka kijiti cha alama, akumbuka mahali, na kumwarifu mwalimu. Vigae vya huyu bado vina miaka yake.

Watu wengine huchimba mabomani na makaburini usiku wakitafuta mali iliyofichwa na Wajerumani. Mara nyingi hawapati kitu, lakini shimo moja lililochimbwa kwa usiku mmoja huchanganya matabaka yaliyopangwa kwa maelfu ya miaka, wala hakuna fundi awezaye kuyapanga tena. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu vya kale bila ruhusa.

Basi mwanafunzi akiona jiwe lililochongwa, vigae, mfupa mkubwa au taka za chuma ardhini, asivichimbe wala asivioshe. Akumbuke mahali pake, amwambie mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, ili habari zifike Idara ya Mambo ya Kale. Mzee akifa, kaburi lake hubaki na jina. Lakini kitu cha kale kikishang'olewa mahali pake bila kuandikwa, hakina jina wala mwaka tena.

Maswali

1. Kwa nini kujua tabaka la chini na tabaka la juu hakutoshi kujua idadi ya miaka?
2. Sarafu ya mwaka 1908 ikikutwa ardhini, yatuambia nini, na haiwezi kutuambia nini?
3. Kipande cha makaa kilikuwa na sehemu 80 za kaboni 14, na sasa kina sehemu 5. Kimepitisha miaka mingapi?
4. Kwa nini mbegu ya mtama ni shahidi bora kuliko gogo la mti mkubwa?
5. Ni saa gani ifaayo kupima majivu ya Olduvai, na kwa nini kaboni haifai huko?
6. Waulize wazee wa kwenu habari ya jambo moja kubwa la zamani. Hesabu vizazi vilivyopita, kisha uandike miaka unayoikadiria.